Wiki Sita za Mkate

Daktari Porcu alisema: usiache ngano bado.
Kula kama ulivyokula, asubuhi na jioni, wiki sita.
Damu haisemi kweli tumbo likiwa limenyamazishwa.
Basi ninakula.
Wanasema kikulacho ki nguoni mwako;
changu ki sahanini, kina chumvi na mafuta ya zeituni,
nami nakimega kwa vidole vyangu mwenyewe.

Sikuja kwa ajili ya mkate. Nilileta shingo.
Nywele zilikuwa zinabaki kwenye kitana.
Julai, Nuoro nzima inajipepea kwa magazeti,
mimi nyuma ya kaunta ya posta nimevaa soksi za sufu,
nimegonga muhuri barua ile ile mara tatu.
Gavino, mume wangu, alidhani ni huzuni.
Nilidhani ni umri.
Daktari akaweka vidole viwili kooni: "Meza mate."
Nikameza. Kitu kikapanda, kikashuka,
kama lifti yenye mtu mmoja asiyejua ghorofa yake.

"Tezi dundumio," akaandika. Kalamu ikasimama.
"Na tumbo, Bonaria?"
Nani humsimulia daktari wa shingo habari za tumbo?
Nikamsimulia.
Miaka kumi na mmoja nimekijua kila choo
kati ya Oliena na Kaliari,
na kipi hakina komeo.
"Maradhi haya mawili," akasema, "hutembeleana.
Mwili ukishamkosea ndugu mmoja kwa adui
huweza kumkosea na wa pili."
Nikamwona mlinzi ndani yangu, usiku, hana taa,
anawafyatulia risasi watu wa nyumba yake
na kulipwa mshahara.

Kisha akauliza: nani mwingine kwenu?
Nilileta koo, wakataka ukoo.

Mama hakutaka kusikia.
Miaka hamsini na minne amekanda unga,
mkate wetu wa karasau, mwembamba kama karatasi,
unaovimba tanurini kama shavu la mtoto anayepuliza supu,
kisha anaupasua kwa kisu, kurasa mbili.
"Mkate umuumize mtu?"
Alinitazama kana kwamba nimemzushia jirani wizi.
Siku tatu hakunisemesha ila kwa sahani:
ananiwekea, ananitazama nikitafuna, anaondoa.

Siku ya nne alikaa, unga ukiwa bado viwikoni.
"Mintonia," akasema.
Dada yake. Picha moja tu ipo:
tumbo kubwa, miguu vijiti viwili,
macho yanayomtazama mpiga picha kama anayemdai.
Miaka minne, akafa. Walisema kijicho. Walisema maziwa.
"Bibi yako alikuwa akimlowekea mkate," mama akasema,
"ili apate nguvu.
Akitapika, anamlowekea mwingine.
Mimi ndiye niliyeshika bakuli."

Sikujua la kusema. Bado sijui.
Huenda ilikuwa ngano, huenda ilikuwa kitu kingine kabisa,
wafu hawana mshipa wa kutobolewa.
Tuna neno moja kwa nafaka na kwa hadithi za jioni,
na mimi nimelishwa zote mbili katika bakuli moja.

Leo wiki ya sita imeisha.
Vichupa vitano, kofia za rangi,
jina langu limebandikwa upande kwenye kimoja.
Muuguzi Nives anasema kunja ngumi, nakunja.
Majibu Alhamisi ijayo; labda tezi, labda utumbo,
labda vyote, labda nirudi na shingo yangu nilivyokuja.
Natoka nimebana pamba kiwikoni
na kumkuta mama kwenye benchi la korido,
koti la kanisani, mkoba magotini.
Hakuniambia kuwa angekuja.
Ameshapandisha mkono wa gauni hadi begani.
Nives anamwambia kwa upole, mama, hapa kuna unga,
nawa kwanza.
Mama anautazama mkono wake muda mrefu,
halafu anauliza maji yako wapi.